Kikohozi Nilichokipa Asali

Kama leo umetoka kliniki na kikopo cha plastiki chenye kifuniko, ukaambiwa kesho alfajiri ukohoe na kutema humo kabla hujala kitu, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi changu nilikizungushia khanga mara tatu ili mtu asikione, nikakatiza nacho sokoni Mpanda kama mtu aliyeiba. Leo ningekibeba mkononi huku nasalimia watu. Lakini ujasiri huo ulinijia kwa kuchelewa, kama mambo yangu mengi.

Naitwa Tatu. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda mjini, nafundisha hisabati na michezo, na nimezaliwa Ugalla katika ukoo wa warina asali. Nina mume, nina binti mmoja anayeitwa Neema, na nina dada anayeitwa Kalunde, ambaye bila yeye habari zangu zingesomwa na mtu mwingine, kwa kifupi, makaburini.

Tena mimi ni mtu wa michezo mitatu kwa mpigo: kuogelea, baiskeli na kukimbia, mmoja ukiisha unaingia mwingine bila kupumzika. Watu wa hapa wakisikia hivyo huuliza kama tunalipwa. Hatulipwi. Tulikuwa sita, na kwa kuwa hakuna aliyetuandalia mashindano, tulijitungia njia yetu wenyewe. Unaogelea ziwani Karema, sambamba na ufukwe, huku mtumbwi wa wavuvi ukikuangalizia mamba. Unatoka majini unapanda baiskeli mpaka Mpanda, zaidi ya kilomita mia moja, lami kipande na vumbi kipande. Ukifika mjini unaitupa baiskeli na kukimbia kilomita ishirini na moja. Tulipanga Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza. Kati ya sita, mwanamke nilikuwa peke yangu. Nilitaka kumaliza njia ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka baada ya Neema.

Kocha wetu, kama unaweza kumwita hivyo, alikuwa Sospeter, fundi pikipiki mwenye mapaja magumu na subira fupi. Imani yake ilikuwa moja. "Mwalimu, kama unaweza kuongea, hujafanya mazoezi." Mazoezi ya namna yetu yana mambo mawili ya kupima: unafanya mengi kiasi gani, na unayafanya kwa ukali gani. Sospeter aliyataka yote mawili kwa pamoja, nami nikayataka kuliko yeye. Nilikuwa na daftari la kuandikia. Siku za kawaida niliandika kwa wino mweusi, siku kali kwa mwekundu, uleule wa kusahihishia. Kufikia mwezi wa saba daftari lilikuwa jekundu kama la mwanafunzi asiyejua kujumlisha wala kutoa. Nililionea fahari hata hivyo, nikawa naliacha wazi ofisini ili walimu wenzangu wachungulie.

Kikohozi kilianza mwezi huohuo wa saba. Huku kwetu nani hakohoi mwezi wa saba? Kuna vumbi, kuna moshi wa nyika inayochomwa, kuna baridi ya asubuhi. Na mtu wa Ugalla akikohoa haendi hospitali. Kwetu kikohozi kinapewa asali. Wala si dawa tu, ni adabu, maana kununua dawa ya kikohozi dukani wakati ndugu zako wanarina ni kuwadharau. Nikampigia Kalunde simu. Yeye ndiye aliyerithi mizinga ya marehemu baba yetu, kwa kuwa hatukuwa na kaka, na anapanda juu ya miti mwenyewe kurina, ingawa wanaume wa kijiji walinuna miaka mitatu. Alicheka, akanitumia ndoo kwa basi.

"Hiyo ya miombo hiyo, mdogo wangu. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Wiki moja tu utanipigia kunishukuru."

Nilimpigia kumshukuru. Koo lilitulia kweli, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Asali ililainisha, kikohozi kikapunguza sauti, nami nikaamini kinaaga. Kikirudi, kijiko. Kikizidi, vijiko viwili na ndimu. Nilimaliza ndoo nikaomba nyingine.

Wakati huohuo nilikuwa nakonda, na watu wananisifia. "Mwalimu umekauka, sasa umekuwa mwanamichezo wa kweli." Nilipita kwenye vioo vya maduka nikijitazama. Asubuhi naamka shuka limelowa, nasema mwili unajifunza kupoza joto. Chakula kinanishinda, nasema tumbo linajizoesha safari ndefu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu, na sisi wanamichezo ndio mafundi wa kazi hiyo. Kila dalili niliipa jina zuri. Mume wangu, ambaye mimi na mtaa mzima tunamwita Baba Neema, aliniambia siku moja tukila, "Mama Neema, wewe unaisha." Nikamjibu kwamba yeye ndiye anayenenepa.

Mwezi wa tisa, Sospeter alitupangia kupanda mlima mara nane kwa kasi, kwenye barabara ya kwenda Mwese. Mara ya sita mdomo ulijaa kitu cha moto. Nikatema. Ilikuwa damu, nyekundu kabisa juu ya vumbi. Nitakueleza nilichofanya, maana nikikificha nitakuwa nakudanganya na wewe. Nilitazama nyuma nikaona wenzangu bado wako chini. Nikaifukia kwa kiatu. Kisha nikapanda mara ya saba.

Ya nane miguu ilikataa. Walinirudisha kwa bodaboda, mimi katikati, dereva mbele, Sospeter nyuma akinishikilia nisidondoke. Njia nzima alirudia jambo moja tu, kwamba kesho niende kliniki.

Benchi la kliniki ya kifua liko nje, upande unaopita upepo. Watu wanakaa kwa kuachiana nafasi, kila mtu anatazama ukuta wa mbele kana kwamba kuna taarifa imebandikwa pale. Nilikaa na khanga yangu yenye kikopo, nikiomba asipite mzazi wa mwanafunzi wangu. Jirani yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu, mtu wa makamo, kifua kimebonyea. Alinitazama nikihangaika.

"Mwalimu, mate wanayakataa," akasema. "Mimi walinirudisha mara mbili. Vuta kutoka chini kabisa, kama unavyovuta ndoo kisimani. Usione haya. Hapa hakuna aliyekuja kuuza sura."

Nikacheka, kicheko kikaleta kikohozi, kikohozi kikaleta kilichotakiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa huruma ya kwanza, na ilitoka kwa mtu ambaye hata jina lake sikulijua.

Jibu lilikuwa TB. Nesi aliniambia kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia. "Inatibika. Miezi sita, kila siku, hakuna siku ya kuruka. Hiki kikohozi kina muda gani?" Nikamwambia kina miezi miwili na zaidi. "Wiki mbili tu zilitosha kukuleta hapa. Ulikuwa unatumia nini?" Nikamwambia asali. Akaacha kuandika. Mimi, badala ya kuuliza kama nitapona, au kama mtoto wangu yuko salama, nikauliza kama mwezi wa kumi nitaweza kushindana. Akanyoosha kidole kwenye mzani. Kilo arobaini na moja. Nilipoolewa nilikuwa na hamsini na sita.

"Wewe shindana kwanza na huo mzani," akasema.

Neema alipimwa, akakutwa mzima, akapewa dawa za kumkinga. Hata hivyo Baba Neema aliona bora akae kwa bibi yake Mwese. Aliondoka kwa pikipiki akiwa amekaa mbele ya baba yake, anageuka geuka kunitafuta, nami nimesimama mlangoni nimefunika mdomo. Sikumkumbatia. Hilo liliniuma kuliko kifua.

Kisha kikaja kikombe. Baba Neema alirudi kutoka sokoni na kikombe cha kijani cha plastiki, sahani yake na kijiko chake, akaviweka kwenye rafu ya peke yake. Nesi alikuwa amemweleza mbele yangu kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa vyombo, na kwamba baada ya wiki chache za dawa sitamwambukiza mtu hata kwa hewa. Aliitikia kila neno kwa kichwa, na kikombe kikabaki kwenye rafu yake. Si mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na mwanaume wa kwetu akiogopa hasemi, ananunua kitu.

Kalunde alifika kwa basi siku ya tano bila taarifa. Aliingia na furushi lake, akaziona zile ndoo mbili jikoni, moja tupu na nyingine nusu. Akakaa palepale kizingitini. Sijawahi kumwona dada yangu akilia, hata siku nyuki walipomuuma akiwa juu ya mti akashuka jicho moja limefumba. Siku ile alilia.

"Nimekuua kwa asali yangu mwenyewe," akasema.

"Asali haijaniua, dada. Ni mimi niliyekataa kwenda."

"Ungekuwa mtu wa kabila lingine ungeenda."

Ilikuwa kweli. Nikamweleza kwamba kliniki wanataka mtu wa kusimamia dawa, wa kuniona nikimeza kila siku. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kuanzia kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, alisimama mbele yangu mkono kiunoni. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Nilimwambia mimi ni mwalimu wa watu. "Ndiyo maana nakuchunguza," akasema. "Walimu mnajua mbinu zote za kudanganya."

Dawa zenyewe nitakueleza kidogo, ili zisikushtue kama zilivyonishtua. Mkojo unageuka rangi ya chungwa. Walikuwa wameniambia, na bado nilipoona mara ya kwanza nilimwita Kalunde kwa sauti. Magoti yaliuma kama ya bibi kizee, vidole vya miguu vikawa na ganzi, na harufu ya maharage ilinitoa jikoni mbio. Mapaja yangu niliyokuwa nayajivunia yaliyeyuka mpaka suruali ya baiskeli ikaweza kuingia mtu mwingine pamoja nami. Kisha, wiki ya tatu, njaa ikaja. Nilikula ugali na dagaa saa nne asubuhi, nikaula tena saa sita. Kalunde alisonga mpaka mkono ukauma, anacheka peke yake. Kila nilipokwenda kliniki nilimkuta yule mchimbaji, na tulikuwa tunatangaziana kilo zetu kama watu wanavyotangaziana matokeo ya mpira. Yeye alikuwa mbele yangu kwa mwezi mmoja wa dawa na kilo tatu. Nilimchukia kidogo kwa hilo.

Jumamosi ya mwezi wa kumi ilifika. Nilikaa barazani nikihesabu: sasa wako majini, sasa wako mlimani, sasa wameingia Mpanda. Mvua ya kwanza ilinyesha jioni ile. Sospeter akapiga simu kunieleza kwamba wamemaliza wanne, mmoja ameachia njiani. Nikampongeza vizuri kabisa, nikakata simu, nikalia. Kalunde alikuwa anamenya mihogo, akaendelea kumenya, wala hakuniambia ninyamaze.

Mwezi wa kumi na mbili makohozi yalipimwa tena yakakutwa safi. Nikabadilishiwa dawa, vidonge vikapungua. Nesi alisema niendelee kutulia. Masikio yangu yalisikia nimepona. Kalunde akaenda Ugalla siku nne kwa urinaji mdogo wa mvua, akamwachia Baba Neema kazi ya vidonge. Siku ya pili nilivaa viatu. Ningetembea, ingekuwa heri. Ningekimbia polepole, labda ingesameheka. Mimi nilitoka kwa kasi ya daftari jekundu, maana kasi nyingine sikuwa naijua. Kilomita ya pili nilikuwa nimepiga magoti pembeni ya barabara, natapika, watu wa bodaboda wamenizunguka wanaulizana mwalimu wa nani huyu. Homa ilinilaza siku tatu. Nesi alinigombeza mbele ya benchi zima. "Dawa zinajenga, wewe unabomoa. Sasa tutibu nani?"

Kalunde aliporudi hakugomba. Alileta kiti karibu na kitanda changu, karibu kabisa, kama alivyokaa tangu siku ya kwanza.

"Unaukumbuka ule mzinga wa baba, wa pale mtoni?"

Niliukumbuka. Tulikuwa watoto, baba amesafiri. Tukaushusha mzinga ule tukatoa kila kitu, asali na masega ya watoto wa nyuki pia, tukala mpaka tukaumwa tumbo. Nyuki wakahama. Baba aliporudi hakutupiga. Kila tukipita pale alitusimamisha chini ya ule mti tusikilize, na hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Alifanya hivyo misimu miwili.

"Mrina mwenye pupa anakomba mzinga," Kalunde akasema. "Anakula mara moja. Wewe huo mwili umeukomba tangu mwaka jana, Tatu. Umekata mpaka masega ya watoto. Sasa nyuki wanajaribu kurudi, na wewe umeshashika mwenge unawapulizia moshi."

Nikageukia ukuta. Akaendelea.

"Haya, mwalimu wa hesabu. Siku ya kurina tunatembea saa ngapi?"

"Saba. Nane."

"Tunapanda miti mingapi?"

"Minne. Mitano ikizidi."

"Na tukitembea tunafanyaje?"

"Tunapiga soga."

"Basi nani aliyekudanganya kwamba kazi ni kupanda miti kutwa?"

Nilicheka hadi kifua kikauma. Nimesoma chuo cha ualimu, nimefundisha michezo miaka tisa, na hesabu yangu mwenyewe nilikuwa sijaiona. Nimekulia kwa watu wanaotembea porini kutwa nzima na ndoo kichwani, mwaka hadi mwaka, hadi uzee, kwa sababu ukali wao wanautunza kwa ajili ya mti. Wanauweka pale unapohitajika na si penginepo.

Tukaanza upya. Mwezi wa kwanza tulizunguka nyumba. Wa pili tulifika shuleni na kurudi. Kalunde alikuwa kando yangu, na sharti lilikuwa moja: niongee. Neno likikatika katikati, tunasimama. Nilimaliza habari zote nilizozijua, nikaanza kumfundisha sehemu na desimali. Watu walituona kwenye matope ya masika, wanawake wawili wanatembea wanabishana kuhusu theluthi, wakasema ugonjwa umepanda kichwani.

Mwisho wa mwezi wa tatu nilimeza kidonge cha mwisho. Kalunde alinifungulisha mdomo kama kawaida, akaniinulisha ulimi, kisha akashindwa kuondoka pale aliposimama. Kliniki walinipima: kilo hamsini na nne. Nesi akaandika kwenye kadi kwamba nimepona, akaisukuma mezani kwangu. Mchimbaji alikuwa amemaliza mwezi mmoja kabla yangu, akaniachia salamu kwa nesi: "Mwambieni mwalimu mimi nina sitini." Neema alirudi kutoka Mwese amekua, ameng'oka meno mawili, akanirukia kabla pikipiki haijasimama. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nyumba ikarudi kama zamani, isipokuwa rafu ile. Nilivichanganya sahani na kijiko na vyombo vingine, lakini kikombe cha kijani sikukigusa. Nilitaka kuona nani atakigusa. Hakuna aliyekigusa.

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda Ugalla kurina na Kalunde. Wiki mbili tulitembea tangu kupambazuka hadi jua kuinama, na nikapanda miti mitatu kwa mkono wangu. Katika kila mzinga tuliacha nyuma masega kadhaa, na Kalunde hakuwa na haja ya kuniambia. Niliporudi Mpanda nilinunua daftari jipya. Wino mweusi siku tano, mwekundu siku moja, na siku moja ukurasa mtupu. Saa niliziongeza kidogokidogo, na ukali ukabaki palepale kwenye siku yake. Nilipoendesha baiskeli niliimba. Wimbo ukikatika, napunguza.

Sospeter hakupendezwa. "Mwalimu, wewe hufanyi mazoezi, wewe unazurura."

"Ndiyo, nazurura."

"Mwezi wa kumi utatuona migongo."

Mwezi wa nane tulikwenda kwa baiskeli mpaka Usevya, mashamba ya mpunga yakiwa yameshavunwa, tukageuza. Sospeter aliongoza kwenda kama anayekimbizwa. Kurudi, akaishiwa. Nilipunguza mwendo nikakaa kando yake, nikamsimulia habari za shule, za mwalimu mkuu na mbuzi wake, za mitihani, kilomita kwa kilomita, mpaka akaniomba kwa heshima ninyamaze. Sikunyamaza. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyopona kweli.

Jumamosi ya mwezi wa kumi ilipofika tena, tulikuwa saba. Ziwa lilikuwa tulivu, na mvuvi wa mtumbwi alisema wenzangu wanaogelea kama wanaokimbia mamba, mimi peke yangu ndiye ninayeogelea kama mtu anayekwenda mahali. Nilitoka majini wa sita. Mlimani, juu ya Karema, niliwafikia watatu, wakaniacha tena kwa vumbi na sikuwafuata. Miguu ilikuwa inaniwasha kuwafuata, nakiri, lakini mti haukuwa pale. Nikaimba. Kilomita ya themanini niliwakuta wawili wamekaa kivulini wanakandana miguu. Nikawapungia. Niliingia Mpanda nikiwa wa nne, nikaitupa baiskeli, nikaanza kukimbia kwa kasi ya kuongea, ingawa wa kuongea naye hakuwapo.

Kilomita ya kumi na nane nikamwona Sospeter mbele, anatembea. Huo ndio ulikuwa mti wangu. Nikakaza. Pumzi ziliingia chini kabisa, mahali ambapo mwaka mmoja kabla hapakuwa na mlango. Nilimpita, naye akatoa salamu kwa mkono. Baada ya hapo mdomo ulijaa mate, nikatema barabarani. Nikasimama. Nimekimbia kilomita zote zile, nimebakiza tatu, na nilisimama kutazama nilichotema, maana huwezi kuacha kutazama ukishaona ya mlima wa Mwese. Yalikuwa mate matupu. Niliyaacha palepale juani, nikaendelea.

Nilimaliza wa tatu kati ya saba. Naomba niandike tena: wa tatu kati ya saba. Nina haki ya kujivuna, na nitajivuna hadi nizeeke.

Mstari wa mwisho tulikuwa tumeuchora kwa chokaa karibu na uwanja wa shule yetu. Neema alikuwa pale anapiga kelele na wanafunzi wangu. Kalunde alisimama pembeni, mkono kiunoni, kama asubuhi zile za vidonge. Alinitazama kuanzia miguu.

"Umebakisha?" akauliza.

"Nimebakisha."

"Fungua mdomo nione."

Nikafungua. Nikainua ulimi. Watu wazima waliokuwa karibu walidhani ni mzaha wetu tu.

Baba Neema alikuja na bodaboda aliyoikodi ili inirudishe nyumbani, na mkononi alikuwa na kikombe cha kijani kimejaa maji. Niliona kikombe, nikajikaza ili nisiseme kitu cha kumwaibisha mbele ya watu. Nikanywa nusu. Akanyoosha mkono nikadhani anakipokea akitunze. Alikipeleka mdomoni, hakufuta ukingo, akanywa yaliyobaki mpaka chini, akakitikisa kuona kama kuna tone.

"Hiki kikombe kinapendeza," akasema. "Nilikuwa sijakitumia."

Dereva wa bodaboda alikuwa anasubiri, injini inanguruma. Nikamwambia aende tu. Tulitembea mpaka nyumbani, mimi na Baba Neema na Kalunde, Neema akitangulia na kikombe, na njia nzima tulikuwa tunaongea.